Namna ya Kupima Afya ya Kijito kwa Kuwachunguza Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo

Chupa ya maji iliyochotwa mtoni na kupelekwa maabara hueleza hali ya maji katika saa ile yalipochotwa. Ikiwa mashine ya kumenya kahawa ilimwaga maji yake ya ute usiku, na mpimaji akafika kesho yake mchana, uchafu utakuwa umeshateremka mbali na chupa haitaonyesha kitu. Wanyama wadogo wanaoishi chini ya mawe hawawezi kuondoka kwa wepesi namna hiyo. Wengi wao hukaa majini kwa wiki au miezi, na baadhi kwa zaidi ya mwaka, kabla ya kuota mabawa na kuruka, na chochote kilichopita na mkondo katika muda huo kimewapitia. Ndiyo maana mtu anayewatambua anaweza kueleza mambo yaliyokipata kijito msimu mzima bila kuwa na maabara.

Mwongozo huu unawalenga walimu, kamati za maji na vikundi vya vijana. Mifano yake mingi imetoka katika vijito vinavyoshuka Mlima Elgon kupitia Bududa na Mbale, mashariki mwa Uganda, ambako mawe, kahawa na makazi ya watu vimekaribiana sana, lakini utaratibu ni ule ule kwa kijito chochote chenye mawe na maji yanayotiririka, kiwe Kabarole, Kasese au Kabale.

Vifaa

Kifaa cha kwanza ni wavu. Tengeneza fremu ya mraba ya waya mgumu yenye upana wa sentimita 30 hivi, uifunge imara kwenye mpini wa mbao, kisha uishonee mfuko wa kitambaa chenye matundu yasiyozidi milimita 1. Kitambaa chepesi cha pazia hufaa. Kisichofaa kabisa ni chandarua cha mbu chenye dawa, ingawa ndicho kinachomjia mtu akilini mwanzo kwa sababu karibu kila nyumba inacho. Vyandarua hivyo vimetiwa viuadudu vya jamii ya pairethroidi ambavyo vimekusudiwa kudumu hata baada ya kufuliwa mara 20, na sumu hiyo huwaua wadudu wa majini na jamii ya kaa kwa kiasi kidogo mno. Atakayekitumia atawaua wanyama aliokuja kuwahesabu, na huenda pia akawadhuru walio chini yake mtoni.

Tafuta pia sinia au beseni jeupe, kwa maana juu ya rangi nyingine nusu ya wanyama hawataonekana. Vijiko vya plastiki. Brashi laini ya kupakia rangi. Kioo cha kukuzia mara 10. Vikopo vidogo vya kuwatenga wanyama. Na daftari pamoja na penseli, kwa kuwa wino wa kalamu huyeyuka ukilowa. Gambuti na glavu ndefu za mpira ni za lazima, na sababu yake inafuata.

Kabla ya kuingia majini

Mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa mahali hapo. Watu wanaopekua mto bila maelezo huzua maswali, hasa pale ambapo kuna mgogoro kuhusu anayechafua maji. Ikiwa kijito kimo ndani ya hifadhi ya taifa, kama sehemu za juu za Elgon au Rwenzori, omba kwanza kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Hatari kubwa zaidi kiafya ni kichocho. Vimelea vyake hukua ndani ya konokono wa majini, na kwa kichocho cha matumbo konokono huyo ni wa jenasi Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Vimelea hutoka ndani ya konokono wakati wa mwanga wa mchana, kwa wingi zaidi kuanzia karibu na adhuhuri, nao hupenya ngozi ya mtu aliyelowa. Kwa hiyo fanya kazi asubuhi mapema, vaa gambuti na glavu, na ujikaushe vizuri kwa taulo mara utokapo. Vijito vya milimani vyenye baridi na mkondo wa kasi havina hatari kubwa, lakini maji yaliyotulia ya tambarare, na hasa kingo za Ziwa Victoria na Ziwa Albert, yasichukuliwe kwa mzaha.

Chagua majira ya ukame. Mvua kubwa huviringisha mawe na kuwasomba wanyama, kisha kijito hukaa wiki kadhaa kikijazwa upya na wale wanaoelea kutoka juu pamoja na wazazi wenye mabawa wanaorudi kutaga. Mto Nyamwamba wa Kasese, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ni mfano wa jinsi mafuriko yanavyoweza kuichimbua sakafu nzima ya mto. Anayepima baada ya tukio kama hilo anapima mafuriko, na atawalaumu wenye mashamba bure. Kwenye Elgon kipindi cha kuanzia Desemba hadi Februari kina faida ya pili: mvua hupungua wakati umenyaji wa kahawa ya arabika bado unaendelea, maji huwa machache, na uchafu hauna kitu cha kuuzimua. Hapo ndipo madhara yanapoonekana waziwazi.

Kuchagua sehemu mbili

Sehemu moja haitoshi. Hili ndilo jambo ambalo vikundi vingi hulipuuza, nalo ndilo linalotenganisha upimaji na matembezi ya mtoni. Chagua sehemu iliyo juu ya chanzo unachokishuku, kiwe mashine ya kahawa, mahali pa kuoshea bodaboda au bustani ya nyanya, na sehemu nyingine iliyo chini yake, mahali ambapo uchafu umeshachanganyika na maji yote. Sehemu hizo mbili zifanane kadiri iwezekanavyo kwa kina, kasi ya maji, ukubwa wa mawe na kivuli cha miti. Ukiulinganisha mkondo wa mawe na kidimbwi cha tope, tofauti utakayoiona ni ya makazi na haina uhusiano na uchafu.

Kwa sababu hiyo hiyo, utaratibu huu haufai katika mabwawa ya mafunjo. Maji yaliyo chini ya mafunjo, kama yale yaliyo kando ya Mto Mpologoma, huwa na oksijeni kidogo sana kwa asili yake, kwa kuwa mimea inayooza huitumia na kivuli kizito huzuia mwani kuizalisha. Wanyama wa huko ni wale wanaopumua hewa ya juu au wenye njia nyingine za kustahimili. Bwawa lililo salama kabisa litapata alama za mto uliokufa.

Kuwakamata

Anza na sehemu ya chini ya mto kisha uende juu, na katika kila sehemu uelekee ulikotoka mkondo, ili tope unalolitimua lisiende mahali ambapo bado hujapapima. Mtu mmoja asimamishe wavu sakafuni mwa kijito, mdomo wake ukikabili maji yanayokuja. Mwenzake asimame hatua moja mbele ya wavu na ayatikise mawe kwa mguu, huku akiyainua yale makubwa na kuyasugua kwa mkono ili walioshikamana nayo waachie na kusukumwa wavuni. Kisha pitisheni wavu kwenye majani na mizizi inayoning'inia ukingoni. Dakika tano kwa jumla zinatosha, lakini ziwe tano katika sehemu zote mbili, na aliyetikisa mawe juu ndiye atikise chini, kwa sababu watu hawalingani nguvu wala bidii.

Kabla ya kutikisa, inua jiwe moja taratibu na ulitazame. Upande wa juu, pale maji yanapopiga kwa nguvu, mara nyingi utawakuta lava (yaani wachanga wasiokomaa) wa usubi wakiwa wamejishikiza kwa ncha ya nyuma ya mwili kwenye kipande cha hariri walichokitengeneza wenyewe, vichwa vikielekea chini ya mkondo, na juu ya kila kichwa feni mbili za nywele zinazofunguka na kufungwa zikichuja chembe za chakula. Ukiligeuza jiwe, wadudu bapa wenye macho makubwa watateleza upande upande kukimbilia kivuli. Kwenye mianya kuna vijumba vya mchanga, chembe zake zimegandishwa kwa ustadi, na mwenye nyumba hutoa kichwa na miguu tu.

Mimina mlichokipata kwenye sinia lenye maji safi kidogo na subirini tope litue. Wanyama wengi hawaonekani mpaka wasogee, kwa hiyo dakika mbili za kutulia zina faida kuliko kuchokora. Mtenge kaa na lava wa kereng'ende mara moja, kwani wakiachwa pamoja na wengine watawala mkiwa bado mnatafuta penseli.

Kuwatambua

Anza kwa kuhesabu miguu na mikia. Mdudu mwenye miguu sita iliyo na viungo, mikia mitatu mirefu nyuma, na matamvua yanayopepea pande zote za fumbatio, ni wa oda ya Ephemeroptera. Wachache wao wana mikia miwili, na kinachowatofautisha na wengine ni kwamba kila mguu wao huishia kwa ukucha mmoja. Wakikomaa huishi saa chache au siku chache tu, bila kula, kwa kuwa vinywa vyao havifanyi kazi. Kundi hili ligawe mara mbili: wale wembamba wa familia ya Baetidae, wanaoogelea kwa kurusharusha mwili kama samaki wadogo na ambao baadhi yao huvumilia uchafu kiasi, na wale wengine wote, wakiwemo wale bapa wa kwenye mawe, ambao hawauvumilii.

Mwenye mikia miwili, kucha mbili kwa kila mguu, na matamvua kama vishada chini ya kifua karibu na mashina ya miguu, ni wa oda ya Plecoptera. Huyu ndiye anayedai oksijeni nyingi kuliko wote. Afrika ya Mashariki ina aina chache sana za oda hii, karibu zote za jenasi Neoperla, kwa hiyo kumkosa hakuthibitishi kitu. Kumkosa chini wakati yuko juu ndiko kunakothibitisha.

Wajenzi wa vijumba ni wa oda ya Trichoptera. Wapo pia wasiojenga, ambao hutanda nyavu za hariri kati ya mawe na kula kinachonaswa. Hawa utawajua kwa miili iliyopinda, mabamba magumu juu ya sehemu tatu za kifua, na ndoano mbili nyuma.

Lava wa kereng'ende hutambulika kwa mdomo wa chini uliokunjwa chini ya uso, ambao huchomoka ghafula kukamata mawindo. Akiwa mnene, bila majani nyuma, ni kereng'ende wa kawaida. Akiwa mwembamba, na nyuma ana vipande vitatu mfano wa majani, ni kereng'ende mwembamba, na vipande hivyo humsaidia kupumua. Mbawakawa, kunguni wa majini, konokono, ruba na kaa hawahitaji maelezo marefu. Lava wa jamii ya inzi na mbu wote hawana miguu yenye viungo, na miongoni mwao wamo wale wekundu wa familia ya Chironomidae. Wekundu huo ni himoglobini, ambayo huwawezesha kuishi kwenye tope lisilo na oksijeni ya kutosha.

Kaa anastahili kutazamwa zaidi kwa kioo. Katika vijito vya misitu ya milimani, lava wa aina mojawapo ya usubi, Simulium neavei, hawakai kwenye mawe bali juu ya miili ya kaa wa jenasi Potamonautes. Siri hiyo iligunduliwa nchini Kenya mwaka 1950, baada ya watu kuwatafuta lava hao mitoni kwa muda mrefu bila mafanikio. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito mkubwa kwa Uganda, maana usubi huyo ndiye aliyeeneza upofu wa mtoni Elgon na katika milima ya magharibi, na wapimaji walilazimika kuwatega kaa na kuwakagua mmoja mmoja ili kujua kama mito iliyotiwa dawa imesafika. Ukimkuta kaa jike mwenye mayai au vitoto chini ya mkia uliokunjwa, mrudishe majini mara moja.

Kutoa alama

Mfumo mwepesi kuliko yote kwa wasio wataalamu ni miniSASS, uliobuniwa Afrika Kusini. Kila kundi lina alama moja, na mnyama mmoja akipatikana kundi lake linahesabiwa, wawe wengi au wachache. Plecoptera hupewa 17, Ephemeroptera wasio wa Baetidae 11, Trichoptera 9, kaa na uduvi 6, kereng'ende wa kawaida 6, Baetidae 5, mbawakawa na kunguni wa majini 5, kereng'ende wembamba 4, konokono 4, minyoo bapa 3, na minyoo mingine, ruba na jamii ya inzi hupewa 2 kila kundi. Jumlisha alama, kisha ugawanye kwa idadi ya makundi.

Tuseme juu ya mashine ya kahawa mmepata Plecoptera, Ephemeroptera wa aina zote mbili, Trichoptera, kaa, kereng'ende wa kawaida, mbawakawa na lava wa inzi. Jumla ni 61 kwa makundi 8, na wastani ni 7.6. Chini yake mmepata Baetidae, kunguni wa majini, kereng'ende wembamba, konokono, minyoo, ruba na lava wa inzi: jumla 24 kwa makundi 7, wastani 3.4. Idadi ya makundi imekaribiana, na mtu aliyetazama idadi peke yake angesema mto ni ule ule.

Mfumo huo una viwango vya kutamka kama mto ni mzuri au mbaya. Kwa maoni yangu viwango hivyo viachwe, kwa kuwa vilipangwa kwa mito ya Afrika Kusini, ambayo ina Plecoptera wa aina nyingi zaidi. Tanzania ilishatengeneza mfumo wake, TARISS, kwa kuona tofauti kama hizo. Kwenu nyinyi, sehemu ya juu ya kijito chenu ndiyo kiwango.

Kusoma aliyetoweka

Wastani ukishuka, swali linalofuata ni nani ametoweka na nani amebaki, maana uchafu wa kila aina huchagua wahanga wake.

Maji ya ute wa kahawa, kinyesi na damu ya machinjioni huwalisha bakteria, na bakteria hutumia oksijeni. Wanaoondoka kwanza ni Plecoptera na Ephemeroptera wa mawe. Wanaoongezeka ni minyoo ya tope, lava wekundu, na pale hali inapokuwa mbaya kabisa, buu mwenye mkia mrefu anaopumulia hewa ya juu kwa kuunyoosha mfano wa mrija. Mabonge ya utando wa kijivu juu ya mawe huthibitisha jambo hilo. Lishe ikiwa kidogo tu, Trichoptera wanaotanda nyavu wanaweza hata kuongezeka, kwa hiyo wingi wao usiwafurahishe haraka.

Sumu ya kuua wadudu huacha picha tofauti kabisa. Maji yanaweza kuwa maangavu, yenye oksijeni tele, na minyoo na konokono wakawapo kama kawaida, lakini wadudu, kaa na uduvi wote wakawa wamepotea. Ukiona hivyo chini ya bustani ya kabichi au nyanya, uliza mahali bomba la kunyunyizia dawa linapooshewa.

Tope kutoka mashamba ya miteremkoni na maporomoko ya ardhi hujaza mianya ya mawe. Hapo wanaoteseka ni wale wanaokaa katika mianya hiyo na wale wanaochuja chakula, huku wanaochimba wakinufaika. Metali za machimboni nazo huwaondoa mapema Ephemeroptera, na mtu wa Kasese atalikumbuka hilo akipita penye mabaki ya shaba ya Kilembe kando ya Nyamwamba.

Kuna jambo moja ambalo wanyama hawa hawawezi kulisema: kama maji yanafaa kunywewa. Kijito cha mlimani chenye oksijeni nyingi kinaweza kuwa na Plecoptera wengi na wakati huo huo kubeba vijidudu vya kuhara kutoka choo kimoja kilicho jirani. Msimwambie mtu yeyote kijijini kwamba maji ni salama kwa sababu ya wastani wa 7.6. Hilo hupimwa kwa kutafuta bakteria wa kinyesi.

Mkimaliza

Warudisheni wanyama mahali walipotoka, na msihamishe hata mmoja kutoka kijito kimoja hadi kingine. Anayehitaji kuhifadhi mfano wa kufundishia achukue mmoja au wawili wa kila kundi, awaweke kwenye alkoholi ya asilimia 70, na aandike kwa penseli karatasi ya kuwekwa ndani ya chupa yenye jina la kijito, kijiji na tarehe. Rekodi iwe na mambo hayo hayo, pamoja na jina la aliyetikisa mawe, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na shughuli zilizoonekana kwenye kingo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2000 ya kingo za mito inataka ukanda wa mita 30 uachwe bila kulimwa kando ya mito midogo, na mita 100 kwa ile iliyoorodheshwa, kwa hiyo kupima umbali wa shamba kutoka majini kwa hatua ni kazi ya dakika moja inayoipa taarifa yenu uzito mbele ya ofisa wa mazingira wa wilaya.

Sugueni wavu na gambuti, mtoe tope lote kwenye kona na nyayo, kisha muvianike juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kwenda kijito kingine, kwa kuwa mayai ya konokono hunata kwenye kitambaa kilicholowa na husafiri nacho.